Ufa wetu, ukuta wa shangazi

Mwaka jana nilikuwa nafundisha methali kidato cha pili. Tukafika kwenye ile ambayo kila Mtanzania kaimezeshwa tangu shule ya msingi: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaeleza kama nilivyoelezwa mimi, kwamba tatizo dogo likipuuzwa hukua, na hasara yake humrudia mwenyewe. Nikauliza kama kuna swali, huku nimeshashika dasta. Mtoto mmoja wa nyuma, mkimya, wale wa maswali mawili kwa mwaka, akasema: "Mwalimu, na kama ufa ni wa kwako ila ukuta unaoanguka ni wa mtu mwingine?"

Darasa lilicheka. Mimi nikasema ni swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia. Nalirudia hapa kwa sababu alipouliza tu nilijua ni ufa upi na ukuta wa nani, na kilichonifunga mdomo kilikuwa aibu.

Nyumba yetu ipo Majengo, Korogwe. Baba aliijenga kidogo kidogo miaka ya themanini: vyumba vinne vya kupangisha mbele, ua katikati, choo nyuma. Kilikuwa choo cha kumwaga maji, na nyuma yake chemba ya matofali iliyofunikwa kwa zege. Enzi zile ilikuwa fahari, majirani wengi walikuwa na vyoo vya shimo. Ila chemba yenyewe haikuchimbwa mpaka kina kinachotakiwa. Ilichimbwa mpaka hela ilipoisha. Na mtaani kwetu hakuna bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake, na kila shimo ni siri ya mwenye nyumba.

Masika yakifika, chemba inajaa. Hapa kuna neno ambalo msomaji wa Dar analijua vizuri, hasa kama amewahi kupanga mabondeni: kutapisha. Unasubiri mvua kubwa, ya usiku, unafungua shimo upande wa mtaro, na uchafu unaondoka na maji ya mvua kama vile ni mali ya mbingu. Lugha imetoa picha sahihi kabisa, choo kinatapika. Lakini tazama kitenzi (nisamehe, ni ugonjwa wa kazi). Kiko katika kauli ya kutendesha. Choo hakijatapika chenyewe. Kuna mtu amekitia kidole kooni.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alishika koleo, kaka akanyanyua mfuniko, mimi nikapewa tochi. Mama alisimama mlangoni akisema harakisheni, majirani wasije wakatoka, ingawa nusu ya majirani nao walikuwa nje na koleo zao. Maji yakaingia mtaroni, yakakata kona, yakaelekea mtoni. Asubuhi ua ulikuwa safi, hauna harufu. Ninachokumbuka zaidi ni wepesi ule. Tulikuwa tumefanya jambo la kuficha, halafu tukaangalia huku na huku, hakuna aliyeumia. Kama ilikuwa dhambi, ilikuwa dhambi isiyo na mtu.

Sasa mto wenyewe. Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru. Maji ya upande wa Moshi na ya upande wa Arusha yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka nyikani chini ya milima ya Upare, yanapokea Mkomazi, yanapokea Luengera hapa kwetu, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, kisha yanaingia Bahari ya Hindi, mji wa Pangani ukiwa ng'ambo moja na Bweni ng'ambo ya pili. Kwa hiyo na sisi tuko chini ya watu. Mto Themi unapita katikati ya Arusha, na unachokibeba pale kina njia ya kufika bwawani, na kutoka bwawani kuja kwetu. Korogwe ni ukuta wa Arusha na ufa wa Pangani. Nakiri hili huwa linanifariji kuliko inavyostahili. Mtu akijua kuna anayemchafulia, mkono wake mwenyewe unakuwa mwepesi.

Shangazi yangu ameolewa Bweni. Kabla ya kuolewa aliishi nasi miaka miwili pale Majengo, na ile tochi huenda aliwahi kuishika kabla yangu. Mwaka juzi nilikwenda kumsalimia, nikapita Segera, Muheza, mpaka kwenye kivuko. Nikamkuta uani, uduvi umetandazwa juani kwenye mkeka. Mlangoni mwa mto ndiko kina mama wanakoupata, wanaingia majini hadi kiunoni na nguo pana, wawili wawili, wanakokota.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Za Korogwe? Mvua yenu ilikuwa kubwa Jumanne ile, au siyo?"

Nikamuuliza nani kamwambia, maana sikuwa nimepiga simu.

"Maji. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na machupa yakaanza kushuka, sisi huku tunajua Korogwe imenyesha." Akageuza uduvi kwa kiganja. "Na choo cha kaka, hivi mlishakitengeneza?"

Baba alikuwa ameshafariki miaka minne. Nyumba ilikuwa mkononi mwangu. Nikajibu, "Bado shangazi, tunajipanga." Akasema haya. Hakusema kingine, wala hakuninunia. Jioni alinifungia uduvi kilo mbili wa kwenda nao.

Ningeweza kuishika habari ya huo uduvi na kuhitimisha hapo hapo: unaona, uchafu wetu unarudi mezani kwetu, tuzibe ufa. Ni hoja tamu, na viongozi wetu wanaipenda. Ila ni ya ulaghai kidogo. Uduvi ulikaushwa, ukachemshwa, ukaungwa nazi, tukala, hatukuugua. Ukweli ni kwamba uchafu ule haukuwahi kuturudia. Tuliishi vizuri. Aliye juu ya mto anaweza kuishi vizuri maisha yake yote, akafa, akasaliwa, na maji yakaendelea kushuka.

Hapo ndipo methali inapokwama, na mtoto wa nyuma ya darasa aliliona hilo kwa dakika moja. Methali inachukulia kuwa ufa na ukuta ni mali ya mtu mmoja. Inatufundisha kukarabati kwa sababu ya hofu ya gharama yetu wenyewe. Na wengine wanaofundisha kwa mifano hufanya vivyo hivyo. Ustadhi wetu wa madrasa alipenda ule mfano wa jahazi: waliopanda chini, wakichoka kupanda juu kuomba maji, wanataka kutoboa tundu sakafuni kwao, wa juu wakiwaacha, wote wanazama. Mfano mzito. Lakini jahazi linazamisha wote pamoja, na mto sivyo ulivyo. Kwenye mto aliyetoboa anabaki mkavu.

Anayedhani hili ni tatizo la mjini Korogwe tu, asome habari ya London. Kiangazi cha 1858 Mto Thames ulinuka mpaka mapazia ya Bunge yakaloweshwa dawa ya chokaa. Watu wa mitaa ya kimaskini walikuwa wameshakufa kwa kipindupindu kwa maelfu katika miaka iliyotangulia, na mjadala wa mabomba ulikuwa ukisuasua. Harufu ilipoingia kwenye pua za wabunge, sheria ikapita ndani ya wiki chache, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji ambayo bado inatumika mpaka leo. Kazi kubwa, sibishi. Lakini mifereji ile ilipeleka majitaka wapi? Mashariki, Beckton na Crossness, chini zaidi ya mto, yamwagwe kule. London iliziba ufa siku ambayo ukuta ulikuwa wake, na ilichobaki ikawapelekea wa chini.

Sisi wapenzi wa fasihi tuna haki ya kujivuna kidogo hapa, kwa sababu waandishi waliingia mifereji hii kabla ya wengi. Victor Hugo, katika Les Misérables ya 1862, anaisimamisha hadithi yake mahali ambapo msomaji ana kiherehere zaidi, anaanza kueleza mifereji ya majitaka ya Paris, historia yake, na hasara ya kutupa baharini mbolea ambayo ingelisha mashamba. Nikiwa mwanafunzi nilizirusha kurasa zile. Sasa nazirudia kuliko za mapenzi. Na huku kwetu, Shaaban Robert, ambaye aliwahi kuwa karani wa forodha Pangani penyewe, katika Kusadikika anawatuma wajumbe pande sita, na mmoja anakwenda ardhini. Wanarudi na habari za manufaa, wanafungwa. Siku hizi nikisoma habari ya huyo wa ardhini nawaza mafundi wa chemba. Hakuna anayetaka habari inayotoka chini ya ardhi.

Maana tazama tunachokizindua. Kisima kinazinduliwa, barabara inakatiwa utepe, daraja linapigiwa ngoma. Sijawahi kuona utepe umefungwa kwenye bomba la majitaka lililobadilishwa. Mabomba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yalianza kulazwa miaka ya 1920. Ya katikati ya mji wa Tanga nayo yalizikwa enzi za mkoloni, na yamekuwa yakimalizikia baharini. Dar es Salaam kuna bomba la miaka ya 1950 linalopeleka majitaka ya katikati ya jiji baharini. Wote waliolaza mabomba hayo hawapo. Watu walioyarithi wameongezeka mara nyingi, na bomba ni lile lile, limekaa kimya huko chini kama mzee ambaye hakuna anayemuuliza hali.

Na bahari je? Hapa nataka kuwa mwangalifu. Sitasema kwamba chemba ya Majengo imeua mwamba wowote wa matumbawe. Lakini kuna jambo moja nilisoma ambalo halijanitoka. Kuna mwani mgumu, wa rangi ya waridi, mwani wa chokaa, unaotanda juu ya mawe baharini na kugandisha vipande vya matumbawe vishikane, kama fundi anayepiga lipu. Mwaka 1995 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watafiti wenzake walichapisha walichokiona kwenye miamba ya karibu na mji wa Zanzibar: kadiri unavyosogelea majitaka, mwani huo unapungua, na fosfeti ni mojawapo ya sababu. Fosfeti imo kwenye mkojo wetu, imo kwenye sabuni ya unga. Haiui kwa kishindo. Inamzuia fundi kufanya kazi. Mwamba unavunjika kila siku, kwa mawimbi, kwa samaki wanaoutafuna, na kila siku unazibwa. Ukimwondoa wa kuziba, huna haja ya kuuvunja. Sisi kwa uvivu wetu wa kukarabati tunaunyima mwamba ukarabati wake. Mbele ya Pangani kuna Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi tangu 1975, na kaskazini ya hapo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, tangu 2009. Tumepiga mstari baharini kusema hapa pasiguswe. Maji ya mto hayasomi ramani.

Kaka yangu, anayeishi Dar, ana jibu la haya yote: "Chemba moja? Dada, hilo tone baharini." Na ni kweli ni tone. Lakini mbona kwenye akiba tunafundisha haba na haba hujaza kibaba, na kwenye uchafu tunasahau kibaba chote? Ukipiga hesabu ya kaka, nyumba yetu haijamdhuru mtu, ya jirani haijamdhuru mtu, mji mzima wa Korogwe nyumba moja moja haujamdhuru mtu, na bado Jumanne ile shangazi aliona maji yamegeuka rangi. Kuna kasoro mahali kwenye hesabu hiyo. Nadhani kasoro ni kuuliza tone langu limefanya nini, wakati swali ni mimi nimekuwa mmoja wa akina nani.

Haya, chemba. Niliporudi kutoka Bweni nilikaa miezi mingine saba ya kujipanga. Moyoni nilikuwa na kajisifa fulani: tangu nyumba iwe mkononi mwangu, masika tatu, sijatapisha hata mara moja. Chemba haikujaa. Nilidhani ni kwa sababu wapangaji wamepungua.

Fundi alikuja Jumamosi, akafunua, akamulika, akakaa kimya. Kisha akaniita nichungulie.

"Dada, unaona hii haijajaa?"

"Naona."

"Basi haijajaa kwa sababu inavuja. Ukuta huu wa upande wa mtaro umepasuka toka juu mpaka chini. Siku nyingi sana."

Nilikaa kwenye kindoo cha rangi. Kumbe chemba ilikuwa imejifunza kutapika yenyewe, mchana na usiku, mvua na kiangazi, na mimi najihesabu mtu safi kwa kuwa sijashika koleo. Hakuna tena kauli ya kutendesha, hakuna tochi, hakuna mama mlangoni. Nimewaza sana tangu siku ile ni lipi baya zaidi, la usiku ule au la miaka ile mitatu, na nashindwa kujidanganya. Usiku ule angalau tulijua.

Matofali, saruji, nondo, kokoto na kazi: milioni moja na laki nne. Kaka akasema kwenye simu, si upake rangi kwanza, wapangaji wanaangalia rangi. Hakukosea. Chumba cha mbele kilikuwa kimekaa tupu mwezi wa pili. Nilijaribu hata kuikimbilia sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sisi tuko mbali zaidi ya hapo. Ila mtaro hauhesabu mita, na fundi alikuwa ameshaniita kuchungulia. Kuna vitu ukishachungulia huwezi kurudi kuwa mtu ambaye hakuchungulia.

Kabla ya kubomoa ilibidi kuita gari la kunyonya majitaka. Dereva alipomaliza nikamuuliza anakwenda kumwaga wapi.

"Bosi," akasema, "unataka nikuletee risiti ya mavi?"

Sikucheka, halafu nikacheka. Akasema kuna sehemu, mbali huko, akawasha gari. Ningeweza kumfuata na bodaboda. Sikumfuata, na sijui kama hapo ndipo wajibu wangu ulipoishia au ndipo nilipochoka tu. Madrasa tuliambiwa jirani ni nyumba arobaini kila upande. Upande wa mto ukianza kuhesabu unafika wapi? Mbona Bweni ni nyumba ya arobaini na moja, na ndiko aliko ndugu yangu wa damu? Kama ningekuwa sina shangazi kule, ningetumia ile milioni na laki nne? Napenda kusema ndiyo. Siwezi kuapa.

Ninachoweza kusema ni kidogo tu. Sikukarabati kwa kuogopa ukuta wangu, maana haukuwepo, wala kwa kuamini kwamba nimeokoa matumbawe. Kuna mtu aliyeniuliza, mlishakitengeneza? Aliuliza bila hasira, akigeuza uduvi. Nikaona siwezi kumjibu "tunajipanga" mara ya pili, na kwamba kuwa chini ya mto ni kuwa na haki ya kuuliza, hata kama huna njia yoyote ya kumlazimisha wa juu akujibu.

Kazi ilichukua siku tisa. Chemba sasa ina vyumba viwili, lipu ndani, mfuniko unaofungwa. Haionekani. Mpangaji mpya alipita juu yake akienda kukagua bomba la maji, akauliza kama rangi tutapaka lini.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza ya masika ilitupiga usiku. Saa nane nikasikia koleo likigonga zege, nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa mzee aliyesimamia kaburi la baba. Nililala macho nikitafuta maneno. Asubuhi nikampa shikamoo, tukaongea habari za mahindi, nikampa namba ya fundi, nikamwambia bei yake si mbaya. Akaisevu. Shangazi bado sijampigia. Maji atakuwa ameshayaona.